Ndege, Sauti na Mkalimani: Historia ya Uganga wa Angani

Katika mji wa Cloncurry, jimboni Queensland nchini Australia, yako makumbusho yaliyofunguliwa mwaka 1988 kwa heshima ya Mchungaji John Flynn. Mgeni aingiaye humo huonyeshwa historia ya madaktari warukao, na miongoni mwa vitu vilivyotunzwa ni redio iendeshwayo kwa kukanyaga kwa miguu. Chombo hicho chastahili kutazamwa kwa makini kuliko hata ndege, kwani chafunua jambo ambalo wasimuliaji wengi hulipita haraka: kabla daktari hajaruka, sharti neno la mgonjwa limfikie.

Wazo la kutumia ndege lilipata nguvu mwaka 1917, Flynn alipoandikiwa barua na kijana Clifford Peel, aliyekuwa amesomea uganga. Peel aliuawa vitani mwaka 1918, asiione kazi ikianza. Safari ya kwanza ilitoka Cloncurry tarehe 17 Mei 1928, na katika mwaka huo wa kwanza ndege iliruka mara 50, wagonjwa 225 wakatibiwa. Lakini ndege ingefaa nini kwa mtu asiye na njia ya kuita? Mwaka 1929 Alfred Traeger alileta redio yake, iliyopata umeme kwa nguvu za miguu, na ambayo hapo mwanzo ilituma alama za Morse tu. Toka mwaka 1942 yakagawanywa masanduku ya dawa, kila dawa na nambari yake. Ikaundwa pia picha ya mwili yenye nambari, ili mgonjwa ataje mahali paumapo bila kubahatisha majina. Hivyo nambari ilifanya kazi ya mkalimani.

Huku Afrika Mashariki kazi hiyo ilianzishwa mwaka 1957 na madaktari watatu wa upasuaji: Michael Wood, Archibald McIndoe na Thomas Rees. McIndoe alikuwa amejulikana kwa kuwatengeneza upya marubani walioungua katika Vita vya Pili. Kutoka uwanja wa Wilson, Nairobi, ndege zilizifikia hospitali za mbali, na katika miaka ya 1960 simu ya upepo ikaziunganisha hospitali hizo na madaktari. Mmoja wa madaktari hao, Anne Spoerry, aliyeendesha ndege mwenyewe na kufariki mwaka 1999, aliitwa na wananchi Mama Daktari.

Uzito wa jambo hili waonekana vema ukipimwa kwa mahali kama Murusagamba, pande za Ngara na Biharamulo mkoani Kagera, karibu na mpaka wa Burundi. Wilayani Ngara watu husema Kihangaza na Kishubi. Mhudumu wa zahanati huandika kwa Kiswahili. Daktari bingwa alizoea kusikiliza kwa Kiingereza. Neno la mgonjwa, basi, lilikuwa na mipaka miwili ya kuvuka kabla ya kufika angani. Na Kiswahili chenyewe, kikiwa daraja, kina mitego yake. Mkono huanzia begani hata ncha za vidole, na mguu huanzia pajani hata unyayoni. Asemaye tu kwamba mkono umevunjika hajasema ni wapi. Asemaye moyo wamchafuka ataka kutapika, wala hana ugonjwa wa moyo. Aambiwaye ana kifua huenda ana kikohozi, pumu au kifua kikuu. Mkalimani asiyeyapambanua hayo aweza kuizuia ndege iliyohitajika, au kuagiza dawa isiyofaa.

Siku hizi simu ya mkononi imechukua sehemu kubwa ya kazi ya redio, lakini tatizo la maneno halikuondoka pamoja na redio. Kwa hiyo historia ya uganga wa angani haitimii kwa kuhifadhi mabawa na mitambo peke yake. Hapana budi yakusanywe pia maneno ya maradhi kama yatumikavyo Murusagamba na kwingineko, kwa lugha za wenyeji na kwa Kiswahili, wangali hai wauguzi na wahudumu waliokaa kando ya redio wakayafasiri. Chuma hudumu ghalani miaka mingi bila kuguswa; neno lisiloandikwa huzikwa na msemaji wake.