Rubani wa Mwaka wa Kwanza

Ewe msomaji, ukisimama Likoni ukaitazama meli kubwa ikikaribia bandari ya Kilindini, utaona jambo la kustaajabisha. Meli hiyo imevuka bahari kuu, na nahodha wake ameshinda mawimbi na tufani kwa siku nyingi. Hata hivyo, kabla haijaingia mlangoni mwa bandari, mashua ndogo huiendea, na mtu mmoja hupanda. Huyo ndiye rubani. Kazi yake ni kumwonyesha nahodha njia ya maji ya kina katikati ya miamba. Wala nahodha haoni haya kuongozwa, kwa maana ajua kwamba kuijua bahari kuu si kuujua mlango huu.

Nimeanza na habari ya rubani kwa sababu nataka kukusimulia historia ya jambo linalofanana na kazi yake. Jambo hilo ni semina ya mwaka wa kwanza katika vyuo vikuu: jinsi ilivyozaliwa, na jinsi ilivyotoka darasani ikaingia katika mtandao wa kompyuta. Habari hii yakuhusu, kwani huenda siku moja nawe ukafika kwenye mlango huo.

Fikiri kwanza maisha yako ya sasa. Kengele yakuamsha, kengele yakuita darasani, na kengele yakupeleka kulala. Mwalimu alijua jina lako; usipoonekana, huuliza. Chuo kikuu hakina kengele. Mhadhiri husimama mbele ya mamia ya wanafunzi, akasema kwa muda wa saa moja, kisha akaenda zake. Kazi hutolewa leo na kutakiwa baada ya majuma sita, wala hapana akukumbushaye. Tena, mwanafunzi aliyekuwa wa kwanza shuleni kwao hujikuta miongoni mwa watu ambao kila mmoja alikuwa wa kwanza kwao. Akishindwa mara moja, huona haya. Akiona haya, hujificha. Na akijificha, husahauliwa. Basi wengi huacha masomo, si kwa upungufu wa akili, bali kwa kukosa rubani.

Zamani vyuo vingi havikuliona hilo kuwa jukumu lao. Aliyeweza alipita, na aliyeshindwa alirudi kwao. Lakini huko Marekani walitokea watu walioanza kufikiri vingine. Mwaka 1888 Chuo Kikuu cha Boston kilianzisha mafunzo ya kuwaongoza wanafunzi wageni. Mwaka 1911 chuo cha Reed, katika jimbo la Oregon, kilifanya mafunzo ya namna hiyo yahesabiwe pamoja na masomo mengine ya shahada. Vyuo kadha wa kadha vilifuata, lakini baadaye mengi ya mafunzo hayo yalififia. Ilihitajiwa tufani ili watu wakumbuke umuhimu wa rubani.

Tufani hiyo ilivuma mwezi wa Mei, mwaka 1970. Marekani ilikuwa ikipigana vita huko Vietnam, na vijana wengi walikuwa wakivipinga. Tarehe 4 ya mwezi huo askari waliwapiga risasi na kuwaua wanafunzi wanne katika Chuo Kikuu cha Kent State, jimbo la Ohio. Hasira ikaenea vyuoni kote. Katika mji wa Columbia, kwenye Chuo Kikuu cha South Carolina, wanafunzi walilivamia jengo la utawala, na serikali ya jimbo ikaleta askari kuwatawanya.

Rais wa chuo hicho wakati huo alikuwa Thomas Jones, mtu aliyesomea uhandisi wa umeme. Angeweza kusema kwamba vijana wale ni wahuni, wafukuzwe, na mambo yaishe. Lakini mhandisi mwema akiona mtambo umeharibika, haupigi teke. Huufungua ili ajue kasoro iko wapi. Jones aliona kwamba wanafunzi na walimu wao walikuwa wageni wao kwa wao, na kwamba chuo chenyewe kilipaswa kubadilika. Kwa hiyo mwaka 1972 alianzisha semina iliyoitwa University 101.

Mpango wake ulikuwa mwepesi kueleza. Wanafunzi wa mwaka wa kwanza waligawanywa katika vikundi vidogo, kila kimoja na mwalimu wake. Humo walijifunza matumizi ya maktaba, namna ya kugawanya wakati, namna ya kumwendea mhadhiri na kumwuliza, na jinsi ya kuishi na watu wa tabia mbalimbali. Lakini wa kwanza kufundishwa walikuwa walimu wenyewe: kabla ya kupewa kikundi, walikaa pamoja wakajifunza jinsi ya kusikiliza na kuongoza mazungumzo. Tangu mwaka 1974 hadi mwaka 1999 kazi hiyo iliongozwa na John Gardner. Mtaalamu mwenzao, Paul Fidler, alichunguza matokeo mwaka baada ya mwaka, akaona kwamba waliohudhuria semina walirudi kwa mwaka wa pili kwa wingi kuliko wasiohudhuria. Mfano huo ukaigwa na vyuo vingi, Marekani na katika nchi nyingine.

Labda utauliza: je, yule asiyeweza kufika chuoni, rubani atamfikiaje? Jibu moja lilitoka Uingereza. Mwaka 1969 nchi hiyo ilianzisha Chuo Kikuu Huria, na wanafunzi wa kwanza wakaanza masomo mwezi wa Januari, mwaka 1971. Wengi wao walikuwa watu wazima wenye kazi, nao hawakudaiwa vyeti vya awali. Masomo yaliwafikia kwa vitabu vilivyopelekwa kwa posta, na kwa redio na televisheni. Walianza na kozi za msingi, zilizokusudiwa kumzoesha mgeni elimu ya juu. Zaidi ya hayo, kila mwanafunzi alikuwa na mkufunzi aliyezisoma kazi zake na kumwandikia maelezo. Vitabu vilileta elimu. Mkufunzi alileta uso wa mtu.

Kisha ulikuja mwaka 2020, na ugonjwa wa korona ukaifunga milango ya vyuo duniani. Hapa Kenya amri ya kufunga shule na vyuo ilitangazwa tarehe 15 Machi. Mambo yaliyokuwa yakifanywa ana kwa ana yalihamia katika mtandao, na semina za wageni zikawa miongoni mwake. Ugonjwa ulipopoa, njia hiyo haikuachwa. Mwaka 2023 Chuo Kikuu Huria cha Kenya kilipata hati yake, nacho hufundisha kwa njia ya mtandao.

Faida ya semina ya mtandaoni ni dhahiri. Kijana aliye Mandera aweza kukutana na mwalimu na wenzake bila ya nauli, na mwenye kazi ya mchana aweza kusoma usiku. Lakini taabu zake nazo si chache. Umeme hukatika, na fedha za kuingia mtandaoni huisha katikati ya somo. Kubwa kuliko hayo ni ukimya. Darasani mwalimu huiona huzuni usoni mwa mwanafunzi. Mtandaoni mwanafunzi hutoweka bila ya kishindo, likabaki jina tu katika orodha. Kwa hiyo semina njema ya mtandaoni haihesabiwi kwa uzuri wa mitambo yake. Hupimwa kwa swali moja: mwanafunzi akinyamaza juma zima, je, yuko atakayempigia hodi? Kikundi kikiwa kidogo, mwalimu akiyajua majina, na wanafunzi waliotangulia wakiwapokea wageni, hodi hiyo hupigwa mapema. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Haya ndiyo mafunzo ya historia hii, msomaji wangu. Kuanzia Boston hadi Columbia, na kuanzia posta hadi mtandao, vyombo vimebadilika, lakini dawa imekuwa ile ile: mgeni ajulikane na mtu, naye akubali kujulikana. Sehemu ya kwanza ni deni la chuo. Sehemu ya pili ni deni lako. Siku utakapofika huko, ukakwama katika somo au katika maisha, usijifiche kwa haya. Kuuliza si ujinga. Nahodha aliyevuka bahari kuu humteremshia rubani ngazi; wewe nawe teremsha yako.