Pazia la Dirishani: Kitambaa, Hadhi na Lugha

Wanafunzi wetu hujifunza neno pazia katika msamiati wa nyumbani, pamoja na kiti na meza, kisha huliacha hapo. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba kitambaa hicho kina historia ya kitabaka, na kwamba historia hiyo imeacha alama katika lugha. Mfano wetu ni Uingereza ya karne ya 19.

Kuanzia mwaka 1696 Waingereza walitozwa kodi kulingana na idadi ya madirisha ya nyumba. Wapo walioyaziba kwa matofali ili kuikwepa. Hivyo, dirisha lenyewe lilikuwa dalili ya uwezo. Ushuru wa vioo ulifutwa mwaka 1845, na kodi ya madirisha mwaka 1851.

Wakati huohuo lesi, ambayo zamani ilifumwa kwa mkono na kuvaliwa na matajiri, iliingia kiwandani. Mwaka 1846 John Livesey wa Nottingham alibuni mashine ya kufuma mapazia ya lesi. Bei ikashuka, na familia ya karani nayo ikaweza kutundika lesi dirishani. Pazia hilo lilifanya kazi mbili: mchana, waliomo ndani walimwona mpita njia bila wao kuonekana, naye mpita njia alielewa kuwa humo wanaishi watu wa heshima.

Lakini kinachopatikana kwa wengi hakitofautishi tena. Mwaka 1868 Charles Eastlake, katika kitabu chake Hints on Household Taste, aliyakosoa mapazia mazito yanayoburura sakafuni, akapendekeza pete na fimbo ya kawaida ya chuma. Kipimo cha hadhi kikahama kutoka bei hadi ladha.

Huko Marekani, wahamiaji wa Ireland waliopata nafuu waliitwa Waayalandi wa mapazia ya lesi. Jina hilo lilikuwa na kejeli: mtu amepanda ngazi, lakini bado anachekwa kwa kupanda.

Kiswahili kimepita njia nyingine. Katika majumba ya mawe ya Lamu ya karne ya 18, hadhi ilionekana katika mlango wa nakshi na zidaka za ndani, si katika madirisha ya barabarani. Nasi tunaposema nyuma ya pazia, tunafikiria kinachofichwa, si kinachoonyeshwa.

Tunawashauri walimu wenzetu, wanapofundisha neno hili, wawaulize wanafunzi: pazia la kwenu, upande wake mzuri unatazama ndani au nje?