Fungueni Seva

Kwa siku chache za Agosti 2017, hifadhidata iligeuka kuwa stori ya matatu. Raila Odinga alisema mfumo wa IEBC umedukuliwa, na upande wake ukatoa logi za seva, yaani kumbukumbu za kila kilichofanyika ndani yake. Tume ikajibu kwamba logi hizo ni za Microsoft SQL Server, na wao wanatumia Oracle 12c Enterprise Edition. Kwenye Kangundo Road, watu ambao hawajawahi kuandika hata mstari mmoja wa SQL walibishana Oracle na Microsoft kama Gor na Leopards.

Oracle si jina la juzi. Mwaka 1970 Edgar Codd wa IBM alipendekeza data ipangwe kwenye majedwali yanayohusiana. IBM ikajivuta, kampuni ya Larry Ellison ikawahi sokoni mwaka 1979. Sifa yake haijabadilika sana: inabeba mzigo mkubwa, inaweza kuandika nani aligusa nini na saa ngapi, na ikikwama saa nane usiku kuna mtu analipwa kupokea simu yako. Lakini utatoa pesa. Bei ya orodha ya Enterprise ni dola 47,500 kwa prosesa, karibu shilingi milioni 5 za wakati huo, halafu asilimia 22 kila mwaka ya usaidizi. Wateja wakubwa hupunguziwa, sawa, ila hata nusu yake inanunua ploti huku kwetu.

Njia nyingine ilikuwa imeshaanza hapa hapa Kenya. Mwaka 2001 kituo cha afya cha Mosoriot, karibu na Eldoret, kilianza kuweka rekodi za wagonjwa kwenye Microsoft Access. Wagonjwa wa HIV walipoongezeka katika mpango wa AMPATH, Access ikalemewa. Mwaka 2004 ikaanza kazi ya OpenMRS, programu huria ambayo msimbo wake uko wazi kwa yeyote, data ikikaa kwenye MySQL bila leseni ya kulipia. Eldoret waliianza 2006, na mwaka huo huo ikafika Rwanda. KenyaEMR, inayotumika kwenye vituo vingi vya afya nchini, imejengwa juu yake.

Bure ina gharama zake. Inataka kijana wa IT anayeijua vizuri, na kijana huyo akishaiva, benki inamchukua. Hapo Oracle inashinda bila jasho.

Kisha Januari 2010 Oracle ikaimeza Sun Microsystems, na MySQL ilikuwa ndani. Ingekuwa programu ya kufungwa, wote waliojenga juu yake wangekaa kusubiri mwenye mali mpya apange bei. Lakini Michael Widenius, mmoja wa waundaji wa MySQL, alikuwa ameshachukua msimbo ule ule na kuanzisha MariaDB mwaka 2009. Aliyetaka kuhama alihama na majedwali yake.

Je, IEBC wangetumia programu huria, 2017 ingekuwa tofauti? Mimi sidhani. Msimbo unaweza kusomwa na dunia nzima, data ikabaki kwa mwenye nywila. Mahakama ya Juu iliagiza walalamishi waruhusiwe kuangalia seva, kusoma tu. Tume haikutekeleza agizo kikamilifu, na Septemba 1 majaji wanne dhidi ya wawili wakafuta uchaguzi wa rais. Mfumo uliouzwa kwa sifa ya kuandika kila mguso ulikuwepo. Aliyeshika ufunguo hakufungua.

Mwaka 2022 tume iliweka picha za fomu 34A kwenye tovuti, za vituo zaidi ya 46,000. Ukiwa Kangundo ungepakua fomu ya kituo chako kwa bando ya bob hamsini na kuilinganisha na ile iliyobandikwa mlangoni. Vyombo vya habari na vijana wenye laptop walijumlisha wenyewe. Kesi ilipofika mahakamani seva zilitajwa tena, lakini safari hii fomu za tovuti ziliwekwa kando ya zile za karatasi, na majaji hawakuona tofauti ya maana.