Kibundi milia

Kibundi milia (jina la kisayansi: *Glaucidium capense*) ni ndege mbuai mdogo wa familia Strigidae, yaani familia ya bundi. Anapatikana kuanzia pwani ya Kenya kupitia Tanzania na Zambia hadi Angola na Afrika Kusini. Neno *capense* lina maana ya "wa Rasi", kwa sababu Andrew Smith alimweleza mara ya kwanza mwaka 1834 kutokana na ndege wa kusini. Makazi yake makuu lakini ni misitu ya miombo na miti mirefu ya kando ya mito, kama ile inayozunguka Sitalike, kijiji cha mkoa wa Katavi kwenye mto Katuma, kusini mwa mji wa Mpanda.

Maelezo

Urefu wake ni sm 20-22 tu na uzito wake hauzidi sana g 130. Kichwa ni cha mviringo na hakina vishungi vinavyofanana na masikio. Macho ni ya manjano. Kichwa, mgongo na sehemu ya juu ya kifua vina milia myembamba, na tumbo ni jeupe lenye madoa ya kahawia. Ndugu yake *Glaucidium perlatum*, anayeishi katika maeneo yaleyale, ana vidoa kichwani badala ya milia, na mabaka mawili meusi kisogoni yanayofanana na macho. Wakitazamwa kwa nyuma, ni vigumu kuwachanganya.

Mwenendo na chakula

Kibundi milia huwinda hasa magharibi na alfajiri, lakini huonekana hata mchana. Hutua kwenye tawi, hutulia, kisha hushuka ghafla juu ya windo. Hula panzi, mbawakawa, viwavi na nge, pia mijusi, vyura, panya wadogo na ndege. Ndege wadogo kama shore na chozi wanamjua vizuri: wakimgundua mchana humzunguka kwa kelele mpaka ahame, na kelele hizo ndizo mara nyingi humwonyesha mtu alipo.

Uzazi

Hajengi tago. Jike huyataga mayai 2-3 meupe ndani ya tundu la asili la mti, kwa kawaida mwishoni mwa kiangazi, na kuyaatamia kwa takriban mwezi mmoja. Makinda hukaa tunduni karibu mwezi mwingine. Hawezi kujichimbia tundu kama kigogota, na matundu ya vigogota wadogo ni membamba mno kwake. Anategemea pango lililotokea tawi nene lilipovunjika au shina lilipooza, na pango kama hilo huhitaji mti wenye umri mkubwa.

Uhifadhi

Spishi hii haimo hatarini kwa jumla. Tatizo ni la mahali kwa mahali. Nje ya hifadhi miombo hukatwa kwa ajili ya mashamba, mkaa, mbao za mninga na kuni za kukaushia tumbaku. Mti wenye pango hauna bei kwa mpasua mbao, lakini haunusuriki kwa hilo: huangushwa shamba linaposafishwa, au warina asali huukata ikiwa nyuki wameingia. Miti michanga ikichipua tena msitu huonekana umerudi, ila matundu hayajarudi.

Kuna pia suala la imani. Sehemu nyingi za Tanzania bundi huhesabiwa ndege wa uchuro, na sauti yake karibu na nyumba hudhaniwa kutangaza msiba. Wengine hufukuzwa au kuuawa kwa sababu hiyo, bila kujali kwamba huyu mdogo hula panzi na panya wanaosumbua mashamba.

Hifadhi ya Taifa ya Katavi, ambayo makao yake makuu yako Sitalike, ilianzishwa mwaka 1974 na kupanuliwa mwaka 1998. Ina eneo la km² 4,471, na ndani yake miti mizee yenye mapango huachwa isimame mpaka ianguke yenyewe.