Mtoto anataka kurusha shoka au mkuki? Haya ndiyo ya kuangalia kabla hajashika

Agosti 2012, mjini Düsseldorf, Ujerumani, mwamuzi wa riadha alifariki dunia baada ya kuchomwa na mkuki uliorushwa na kijana wa miaka 15 kwenye mashindano ya vijana. Kijana hakuwa anacheza ovyo. Taarifa za wakati ule zilieleza kwamba mwamuzi alianza kusogea kwenda kupima umbali wakati mkuki ukiwa bado hewani.

Oktoba 2019, jimbo la Kerala, India, mwanafunzi aliyejitolea kusaidia kwenye mashindano ya vijana aligongwa na nyundo, ile ya riadha yenye waya. Alifariki baadaye hospitalini. Yeye alikuwa upande wa mikuki, lakini mkuki na nyundo vilikuwa vinarushwa kwenye uwanja mmoja, kwa wakati mmoja.

Ukitazama visa hivi viwili utaona kitu kimoja: aliyeumia hakuwa mrushaji. Wazazi wengi wakimpeleka mtoto kwenye uwanja wa kurusha, macho yote yanakuwa kwa yule aliyeshika silaha. Hatari kubwa mara nyingi iko kwa yule anayesubiri zamu, au anayekimbilia kuchukua kilichorushwa.

Viwanja hivi ni vipi?

Kurusha shoka kama burudani ya mjini kulianzia Toronto, Kanada, mwaka 2006, pale Matt Wilson na marafiki zake walipoanza kurusha mashoka uani. Kundi lao ndilo likaja kuwa kampuni ya BATL. Mwaka 2017 ikaanzishwa World Axe Throwing League, inayoweka kanuni na kuendesha mashindano. Leo kumbi hizi zipo kwenye miji mingi ya Marekani, Kanada na Uingereza, kwa hiyo kama unaishi Houston au Leicester usishangae mtoto akirudi na mwaliko wa bethidei ya kurusha shoka.

Kuna pia viwanja vya nje. Society for Creative Anachronism, au SCA kwa kifupi, ni chama kilichoanzishwa Berkeley, California, mwaka 1966. Wanachama wake huigiza maisha ya Ulaya ya zamani, mavazi na silaha kabisa, na wana viwanja vya kurushia shoka, kisu na mkuki kwenye shabaha za mbao.

Afrika Mashariki tunaoujua zaidi ni mkuki wa riadha. Mkenya Julius Yego aliushangaza ulimwengu mwaka 2015 jijini Beijing aliporusha mita 92.72 na kuwa bingwa wa dunia, baada ya kujifunza kwa kutazama video za YouTube. Vijana wengi wametamani kumfuata. Kujifunza kwa video sawa, lakini video haiwezi kumzuia mtoto mwingine asikatize mbele yako.

Mtu mmoja ndiye anatoa amri

Hili ndilo la kwanza kuangalia ukifika. Nani anasema "rusheni" na nani anasema "kachukueni"? Lazima awe mtu mmoja, na yeye mwenyewe harushi. Ukiona msimamizi naye anashindana na wageni, au yuko kwenye simu, mrudishe mtoto nyuma hadi mambo yakae sawa.

Utaratibu wenyewe hauna ugumu. Wote wanarusha, wote wanaacha, msimamizi anahakikisha mikono yote ni mitupu, halafu anatoa ruhusa na wote wanaenda kuchukua pamoja. Hakuna kwenda mmoja mmoja wakati jirani bado kashika shoka. Kwenye kumbi zenye shabaha mbili kwa njia moja, wale wawili wanarusha pamoja na kwenda kuchukua pamoja.

SCA wana kitu kizuri hapa. Neno "Hold" likitamkwa na mtu yeyote, hata mtoto, kila mtu anasimama palepale. Chagueni neno lenu, "Simama!" linatosha, na mfanyie mtoto mazoezi nyumbani kabla hajaona shoka. Mwambie wazi kwamba hatakaripiwa akisimamisha watu kwa kosa. Watoto wetu tumewafundisha wasiingilie mambo ya wakubwa, kwa hiyo asipoambiwa hivyo atanyamaza.

Shoka hurudi

Wengi hawalijui hili. Shoka lisiponasa kwenye ubao linaweza kudunda na kurudi lilikotoka. Kuna video ya Denver, Marekani, iliyosambaa sana mtandaoni, ya mwanamke aliyerusha shoka likarudi kuelekea kichwani kwake. Aliinama, likapita.

Sababu za kudunda zinajulikana. Makali yakiwa butu, shoka linagonga badala ya kuingia. Wazazi hudhani shoka butu ni salama zaidi kwa mtoto, kumbe kwenye shabaha ni kinyume chake. Ubao uliochakaa au uliokauka sana nao haushiki, ndiyo maana kumbi makini hutumia mbao laini, huzimwagia maji na kuzibadilisha mara kwa mara. Sababu ya tatu ni mzunguko. Shoka huzunguka likiwa hewani, na kama umbali hauendani na mzunguko wake, kinachofika kwanza ni mpini.

Hapo ndipo watoto hupata shida. Kwenye ligi, mstari wa shoka la mkono uko futi 12 kutoka kwenye shabaha, yaani karibu mita 3.7. Mtoto wa miaka kumi akisimama hapo shoka linagonga kwa mpini, linaanguka, na mzazi pembeni anapiga kelele, "Weka nguvu!" Akiongeza nguvu bila kurekebisha umbali, shoka linadunda kwa kasi zaidi. Mwache arushe taratibu, na msimamizi amsogeze mbele au nyuma hatua ndogondogo hadi makali yafike kwanza. Asisogee karibu mno na ubao, maana shoka likidunda hatakuwa na nafasi ya kukwepa.

Uzito nao uangaliwe. Kichwa cha shoka la ligi huwa kama gramu 600 hadi 800, mbali na mpini, na mkono mdogo ukichoka unaachia vibaya. Riadha walishaliona hilo: mkuki wa wanaume ni gramu 800 na wa wanawake 600, lakini kwa walio chini ya miaka 18 wavulana hutumia wa gramu 700 na wasichana 500. Marekani wadogo zaidi huanza na mkuki wa plastiki wenye ncha laini. Shuleni kwenye mkuki mmoja tu wa zamani wa watu wazima, mwalimu aanze na vijiti vyepesi au mipira midogo. Mbinu inafundishika hivyohivyo.

Mkia wa mkuki

Mkuki ukishachomeka ardhini au kwenye shabaha, watu wanaona hatari imeisha. Mkia wake unabaki umeinuka, na kwa mtoto unaweza kuwa usawa wa jicho. Mtoto aliyefurahi hukimbia kwenda kuuona umefika wapi. Kwa hiyo hakuna kukimbia, na mkuki unafikiwa kwa pembeni, siyo kwa nyuma yake. Anayechomoa aangalie kwanza kama kuna mtu nyuma, maana ukitoka ghafla mkia unarudi kwa nguvu. Kwenye kuchomoa shoka pia, mwenzake asisimame mgongoni. Anarudi akitembea, makali au ncha ikiangalia chini.

Silaha haipokezanwi mkono kwa mkono. Inawekwa chini au mahali pake, mwingine anaichukua. Ikimponyoka, aiache ianguke na arudishe miguu, asijaribu kuidaka. Hapo ndipo utajua kwa nini kandambili hazikubaliki.

Anayesubiri zamu

Mrushaji mmoja, mtu mzima mmoja, walau kwa mara za mwanzo. Huyo anasimama nyuma kidogo upande wa mkono usiorusha, ambapo shoka halipiti likivutwa nyuma. Wanaosubiri wanahitaji mtu mzima wao, tofauti na huyo. Wakae nyuma ya kamba au uzio, siyo kwenye mstari wa kufikirika ambao mtoto wa miaka sita hauoni. Kama una watoto watatu na uko peke yako, kwa maoni yangu siku hiyo kaeni mtazame tu.

Kuhusu umri, kila ukumbi una kanuni yake. Baadhi hupokea watoto wakiwa na mzazi, wengine hawampokei aliye chini ya miaka 18. Miaka peke yake haitoshi. Swali ni kama akiambiwa "simama" anasimama mara ya kwanza, au hadi umuite mara tatu. Utaombwa pia kusaini fomu ya kukubali hatari kwa niaba yake. Isome, ila ujue karatasi hiyo imeandikwa kumlinda mwenye ukumbi.

Na kumbi nyingi za mjini zinauza bia. Mzazi anayesimamia mtoto asinywe, na njia ya jirani ikishakuwa na walevi omba muhamishiwe kwingine au ondokeni. Hela iliyolipwa isikushike miguu.

Mkimaliza, msimamizi ahesabu vifaa mbele ya watoto kabla ya mtu yeyote kuondoka. Vikitoka visu kumi, virudi kumi na vifungiwe. Kisu cha kurushia ni kidogo, kinaingia kwenye begi la shule bila kuonekana.