Farasi 64 Ndani ya Kigari

Dar es Salaam wanaiita kirikuu: ile pikapu ndogo ya Suzuki Carry inayobeba kreti za soda, magodoro na makabati, ikipenya vichochoro ambavyo Fuso haithubutu kuviingia. Ikikohoa kwenye mlima, watu huicheka. Wachache wanajua kwamba F6A, injini iliyofungwa kwenye nyingi za pikapu hizo, yenye ujazo wa sisi 657 tu, imezaliwa tumbo moja na injini ambayo vijana wa Japani walikesha gereji wakiitafutia mbio. Tofauti kubwa kati ya ndugu hao wawili ni tabo.

Chanzo cha hadithi hii ni kodi. Mwaka 1949 serikali ya Japani iliunda daraja la magari madogo ili raia aliyechoshwa na vita naye apate chombo cha kutembelea. Mwenye gari la daraja hilo hulipa kodi ndogo, ila vipimo vyake havina mchezo. Kufikia 1955 injini haikuruhusiwa kuzidi sisi 360. Mwaka 1976 ikawa 550, na 1990 ikawa 660. Ukizidisha kidogo tu, umetoka kundini na kodi inakungoja. Mhandisi alikuwa kama mpishi aliyepewa sufuria moja na wageni wa harusi nzima.

Lakini sheria ilipima silinda, haikupima hewa. Na dawa ya hewa ilikuwapo siku nyingi. Mswisi Alfred Büchi aliandikisha hataza yake mwaka 1905: moshi wa ekzosi, badala ya kupotea bure, uzungushe feni, na feni hiyo iendeshe mtambo wa kushindilia hewa ndani ya injini. Hiyo ndiyo tabo. Hewa ikizidi, petroli nayo yaweza kuongezwa, na silinda ile ile ikatoa nguvu nyingi zaidi. Feni ya tabo ya gari dogo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika huku ikichomwa na moshi. Ndiyo maana oili chafu huiua mapema, na ndiyo maana mafundi wa kwetu husema tabo haikosi tabu.

Meli, ndege na malori vilitangulia kufungwa tabo. Gari la abiria la kwanza la Kijapani lenye tabo, Nissan Cedric, lilitoka 1979. Mwaka huo huo Suzuki walileta Alto ya yeni 470,000, gari la kwendea sokoni lenye nguvu za farasi 28. Hakuna aliyeiwazia mashindano.

Mitsubishi ndio walioanza uchokozi. Mwaka 1983 waliifunga tabo Minica yao, ikafika farasi 39. Daihatsu wakajibu 1985 na Mira TR-XX. Kisha Februari 1987 Suzuki wakaweka mezani Alto Works: silinda tatu, valvu 12, sisi 543, farasi 64. Kwa miaka minane tu, gari la sokoni lilikuwa limezidisha nguvu zake zaidi ya maradufu, na uzito wake ulikuwa kilo 610 hivi. Lilikuwa jepesi kama boksi na lenye hasira kama nyuki.

Hapo wakubwa wakashtuka. Watengenezaji wakakubaliana kwamba farasi 64 ndio mwisho. Haikuandikwa sheria, yalikuwa makubaliano tu, lakini yameheshimiwa kuliko sheria nyingi. Injini zilipoongezwa hadi sisi 660, namba ikabaki pale pale. Alto Works iliporudi sokoni Desemba 2015, ilitoka kiwandani na farasi wale wale 64.

Injini iliyofungwa kamba namna hiyo ina akiba, na mafundi waliinusa. Kampuni ya HKS, iliyoanzishwa 1973 chini ya Mlima Fuji na Hiroyuki Hasegawa, mhandisi aliyetokea Yamaha, ilikuwa imekwisha kuwazoesha Wajapani kununua tabo dukani. Njia ya mkato ni kuongeza presha: unaichelewesha valvu inayopunguza moshi unaoizungusha tabo, nayo inashindilia zaidi. Asubuhi moja tu, gari linabadilika tabia. Ubaya ni kwamba hewa iliyoshindiliwa hupata joto, na petroli isipoongezwa kwa kipimo, mchanganyiko unajilipukia kabla ya wakati. Injini inagonga, pistoni inatoboka. Fundi makini alianza upande wa pili: kipoza hewa kikubwa, ekzosi pana, nozeli za kumwaga zaidi, kompyuta iliyopangwa upya, na presha ikaja mwisho. Waliofuata mpangilio huo ndio waliorudi nyumbani bila kuvutwa.

Afrika Mashariki ilikiona kigari cha aina hii kikifanya kazi ya wanaume mwaka 1993, kwenye Safari Rally ya Kenya. Subaru walileta Vivio ya sisi 658. Kwa haki, haikuwa na tabo. Hewa yake ilisukumwa na supachaja, mtambo unaozungushwa na mkanda wa injini badala ya moshi. Shabaha ni ile ile. Mbele kulikuwa na Toyota Celica, mashine za sisi 2,000 zenye tabo, ambazo zilichukua nafasi nne za kwanza huku Juha Kankkunen akiibuka mshindi. Colin McRae, Mskoti ambaye miaka miwili baadaye angekuwa bingwa wa dunia, aliiendesha moja ya Vivio hizo kwa fujo, na haikufika mwisho. Nyingine alipewa Mkenya Patrick Njiru, aliyeyajua mawe na tope la nyumbani. Njiru alimaliza wa 12 kati ya magari yote, akashinda daraja lake la A5.