Kwa miguu hadi Namugongo

Wiki ya mwisho ya Mei, barabara zinazoingia Kampala hujaa watu wenye rozari shingoni, kifurushi kichwani na ndala zilizolika visigino. Wapo waliotoka Kenya na Tanzania, wametembea siku nyingi. Wanawahi Namugongo, takriban kilomita 15 kaskazini mashariki mwa jiji, kabla ya Juni 3, Siku ya Mashahidi wa Uganda. Siku hiyo ni mapumziko nchi nzima.

Mwendo huo ulianzwa na watu waliofungwa kamba. Mei 1886 Kabaka Mwanga II, mfalme wa Buganda, alikuwa Munyonyo, kando ya ziwa, alipowahukumu vijana wa ikulu waliokataa kuuacha Ukristo na kutii matakwa yake. Waganda waliwaita waongofu hao abasomi, yaani wasomaji, na miongoni mwa vitabu vyao vya kwanza vilikuwamo vya Kiswahili, vilivyoletwa kutoka pwani.

Walikokotwa hadi Namugongo, wakazuiliwa wiki nzima huku kuni zikikusanywa. Juni 3 ikawa Alhamisi ya Kupaa Bwana. Walizungushiwa matete, wakafungwa kama matita, wakachomwa, Mkatoliki kando ya Mwanglikana. Mmoja wao, Kizito, alikuwa na umri wa miaka kama 14. Karoli Lwanga, kiongozi wao, alitengwa na kuchomwa polepole, kuanzia miguuni.

Altare ya basilika ya leo ipo pale alipofia Lwanga. Jengo lina umbo la nyumba ya asili ya Kiganda na nguzo 22, idadi ya Wakatoliki ambao Papa Paulo VI aliwatangaza watakatifu Oktoba 18, 1964. Ibada ikiisha, mahujaji huteka maji ya ziwa dogo lililo jirani, kwa chupa na madumu, wakawapelekee wagonjwa nyumbani.

Waanglikana, waliopoteza watu 23, husali Nakiyanja, mwendo mfupi kutoka hapo. Inauma kwamba waliokufa katika moto mmoja bado wanakumbukwa katika viwanja viwili. Nao Waislamu waliouawa kwa ajili ya dini yao miaka ya 1870, enzi za Mutesa I, baba yake Mwanga, wanastahili kutajwa zaidi siku hiyo.

Mwaka 2020, korona ilipofunga mipaka, Juni 3 ilibaki kwenye kalenda, lakini umati haukuwapo Namugongo. Mwaka 2022 mahujaji walirudi, wengi wao kwa miguu.